Mbwa Akiugua Tena

Nataka kusema neno juu ya mbwa. Najua wengine watacheka. Hata bwenini nilichekwa niliposema kwamba pesa zangu za likizo zimekwisha kwa dawa ya mbwa. Lakini nisikilizeni kwanza, ndipo mcheke.

Kwetu Ntinda tunaye mbwa, jina lake Simba. Ndiye alindaye nyumba usiku. Likizo ya Mei alikataa chakula, akapata homa, na damu ikamtoka puani. Nikampeleka kwa daktari wa wanyama. Akamtoa damu kidogo, akaitazama kwa hadubini, akasema, "Kijana, huu ni ugonjwa wa kupe, huitwa erlikia. Mpe vidonge hivi vya doksisiklini siku 28, usiruke hata siku moja."

Siku ya tatu Simba alikuwa akila na kubweka. Siku ya kumi nikarudi shuleni, na kwa kuwa alionekana mzima, sikumwachia mtu kazi ya kumpa vidonge. Mwezi wa Agosti nilimkuta amelala tena, fizi nyeupe kama karatasi. Kosa lilikuwa langu, wala si la dawa.

Mara hiyo tulimaliza siku zote 28. Hata hivyo, Desemba akaugua mara ya tatu! Baba akasema, "Mwanangu, mbwa huyu atatumaliza. Karo yako italipwa na nani? Mwache afe, tutapata mwingine." Sikumjibu, maana karo ni karo. Lakini nilijiuliza, huyo mwingine atalala wapi? Katika kibanda kile kile, pamoja na kupe wale wale.

Ndipo daktari aliponieleza jambo ambalo wengi wetu hatulijui. Kupe wa mbwa hakai juu ya mbwa siku zote. Katika maisha yake hunyonya damu mara tatu, na kila akishiba huanguka chini, akajificha katika nyufa za ukuta. Mwisho jike hutaga humo mayai zaidi ya elfu moja. Basi sisi twamtibu mbwa, na ugonjwa wamngoja ukutani. Wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi nilinunua saruji, nikaziba nyufa zote za kibanda, nikayachoma magunia aliyolalia. Daktari akatupa dawa ya kupe ya kipimo chake, akatukataza kumwogesha kwa dawa ya ng'ombe kwa kukisia. Na kila jioni dada yangu mdogo humpekua masikioni na katikati ya vidole, na kila kupe amwonaye humtia katika kopo la spiriti.

Wengine husema haya ni mambo ya matajiri. La hasha! Katika vita vya Vietnam, mwishoni mwa miaka ya 1960, ugonjwa huu uliwaua mbwa wengi wa jeshi la Marekani, nalo halikukosa fedha. Kumpekua mbwa kila jioni hakudai fedha, hudai subira tu.

Sisemi kwamba Simba amepona kabisa. Erlikia huweza kujificha mwilini miezi mingi, hata miaka, na huenda siku moja dawa ikashindwa. Siku hiyo nitamwomba daktari amlaze bila maumivu, wala sitamwacha afe kwa njaa nyuma ya nyumba. Mbwa akeshaye kwa ajili yetu tuna deni naye, hata anapougua mara ya nne.

Nanyi wanafunzi wa zamani, wengi wenu mna mbwa malangoni mwenu. Tafadhali, leo jioni watazameni masikio, kisha mtazame na nyufa za vibanda vyao. Wenzangu mwaonaje?