Kujaza gesi si kutengeneza!

Nimekuwa kimya wiki kadhaa, kazi za programu zimenibana. Leo naweka tarakilishi kando kwa sababu nina donge rohoni.

Nina Peugeot 505 ya 1988. Nikifika nayo nyumbani Itumbe watu hunicheka: AC ya nini Kisii, na baridi hii? Jibu langu ni mvua. Mvua ya alasiri ikikukuta kwenye zile kona, na ndani mko watano mnapumua, kioo cha mbele hujaa ukungu. AC hukausha hewa: unyevu hugeuka matone kwenye mabomba baridi na kudondoka nje. Mwezi wa nne nilikuwa nafuta kioo kwa leso, mkono mmoja kwenye usukani, nikamwona mtu wa boda akiwa hatua chache mbele yangu. Sikumgonga. Ni Mungu tu.

Sasa, hiyo AC nilikuwa nimeshailipia mara mbili. "Ni gesi tu, bosi," fundi aliniambia. Akajaza, baridi ikadumu miezi miwili. Akajaza tena, ikadumu mmoja. Fundi mwingine akataka kuniwekea gesi ya kupikia! Yaani gesi inayowaka, ndani ya mabomba yaliyo nyuma ya dashibodi, mbele ya magoti ya mama yangu. Nilichukua ufunguo wangu nikaondoka.

Wadau, gesi ya AC haichomwi kama petroli. Inazunguka tu. Ikipungua, inavuja. Kujaza bila kutafuta tundu ni sawa na kuzima na kuwasha seva kila asubuhi badala ya kusoma msimbo uone kosa liko wapi.

Na magari ya umri wa langu yalitoka kiwandani na R12, gesi inayokula tabaka la ozoni. Mkataba wa Montreal wa 1987 uliipiga marufuku, na nchi zinazoendelea zilipewa hadi mwanzo wa 2010 kuachana nayo. Mbadala ni R134a, lakini huwezi kuimwaga juu ya mfumo wa zamani ukaita kazi. Haichanganyiki na mafuta ya zamani ya kompresa, kwa hiyo kompresa hukauka na kufa. Kuhama ni hivi: vuja itafutwe na kuzibwa, mafuta ya zamani yatolewe, yawekwe ya aina ya esta, vipete vya mpira na chujio la kukausha vibadilishwe, viungio vya kujazia viwe vya R134a ili fundi wa kesho asichanganye gesi. Kisha pampu ivute hewa yote, angalau nusu saa, na gesi ipimwe kwa mizani: asilimia 80 hadi 90 ya uzito wa R12.

Jambo moja la kwetu milimani: kwenye mita 1,700 geji ya kuvuta hewa hukomea karibu inchi 24, si 29 kama Mombasa. Si pampu mbovu, ni urefu wa mlima.

Utaniambia ni ghali. Ni kweli, kwa siku moja. Jumlisha kujaza mara tatu pamoja na kompresa iliyokufa, halafu tuongee.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba sekretarieti ya ozoni ya Umoja wa Mataifa iko hapa hapa Nairobi, huku gereji zetu zikifungua bomba na kuachia gesi hewani. R134a haili ozoni, lakini hupasha dunia joto zaidi ya mara 1,000 kuliko kaboni dioksidi, uzito kwa uzito. Ndiyo maana Kigali, 2016, nchi zilikubaliana kuipunguza nayo.

Kwa hiyo ukiambiwa "ni gesi tu", uliza: imevujia wapi? Asiyeweza kujibu, mwambie asante, washa gari uende.

Tuonane wiki ijayo.