Tangawizi ya Chupa na Tangawizi ya Kweli

Naomba nafasi katika kurasa zetu za Kiswahili nitoe maoni yangu juu ya kinywaji cha tangawizi. Najua wako watakaocheka, wakisema ya kuwa mtu wa kidato cha sita ingempasa kuandika juu ya mitihani au juu ya maendeleo ya nchi. Lakini Siku ya Wanafunzi wa Zamani inakaribia, na kamati imeuliza kila darasa wageni wanyweshwe nini. Wengi walijibu neno moja tu, "tangawizi", wakaketi. Nami nauliza, tangawizi ipi?

Maana katika mji huu wa Kigali neno hilo limekuwa kama jina la ukoo, linachukuliwa na watu wasiofanana hata kidogo. Mtu akiagiza tangawizi dukani aweza kupewa soda tamu. Aweza kupewa kinywaji kilichochachushwa nyumbani kwa hamira. Tena aweza kupewa chupa ndogo ya pombe kali, yenye picha nzuri ya mzizi wa tangawizi ubavuni, nayo tangawizi yenyewe ni kidogo mno au haimo kabisa. Vyote vitatu vinaitwa jina moja, na muuzaji hana desturi ya kuuliza.

Nianze na soda, kwa kuwa ndiyo tunayoizoea. Kwetu kila soda huitwa fanta, hata ikiwa ni Coca-Cola, basi na soda ya tangawizi nayo ni fanta tu. Mashuhuri kupita zote katika Afrika Mashariki ni Stoney, ya kampuni ya Coca-Cola, ambayo Kenya na Tanzania huandikwa Stoney Tangawizi. Siichukii. Ikiwa baridi sana hupanda puani, na baada ya mpira inafaa. Lakini mtu akiinywa polepole, pasipo haraka, ataona ya kuwa ule ukali waisha upesi na sukari yabaki mdomoni. Kinywaji cha kunywa polepole hakifai kuwa hivyo. Chapasa kuwa kizuri hata gesi ikiisha.

Basi mtu anaponunua na asome maandishi madogo yaliyo nyuma ya chupa, si yale makubwa ya mbele. Vitu vilivyotiwa huandikwa kwa kufuata wingi wake, kilicho kingi kikitangulia. Ikiandikwa maji, sukari, kisha tangawizi au maji ya tangawizi, hapo pana matumaini. Ikiandikwa "ladha" tu, huko mwishoni karibu na rangi, ajue ananunua harufu. Wako watengenezaji ng'ambo watiao na pilipili ili kinywaji kiwashe. Hilo nalo laweza kutambulikana, maana pilipili hukaa midomoni na kwenye ulimi ikiunguza, bali tangawizi hupita, ikapasha koo na kifua, ikaenda zake.

Waliosoma kemia pamoja nami watakumbuka ya kuwa ukali wa tangawizi mbichi hutokana na kitu kiitwacho jinjeroli. Tangawizi ikikaushwa, jinjeroli hugeuka kuwa shogaoli, ambayo ni kali zaidi, na ikipikwa sana huwa zinjeroni, iliyo pole na yenye utamu kidogo. Ndiyo sababu unga wa tangawizi huwasha kuliko mzizi mbichi, na ndiyo sababu chai yetu ya asubuhi, ile ya maziwa na tangawizi iliyochemka mpaka ikabadilika rangi, haimchomi hata mtoto. Kinywaji kizuri cha baridi, kwa maoni yangu, hutumia mbichi, nayo isichemshwe muda mrefu.

Sasa lile neno "bia" ambalo Waingereza hulitumia, na ambalo huwatisha walezi wetu. Waingereza walianza kutengeneza bia ya tangawizi katika karne ya 18. Walichanganya maji, sukari na tangawizi, wakatia kitu kama punje nyeupe za utelezi walichokiita mmea wa bia ya tangawizi. Haukuwa mmea. Mwaka 1892 mtaalamu mmoja, Harry Marshall Ward, alieleza ya kuwa ni viumbe wadogo wasioonekana kwa macho, hamira na bakteria, wakiishi pamoja. Hao hula sukari, wakatoa gesi na kileo. Kinywaji kikinywewa upesi kileo huwa kidogo sana, kikiachwa huongezeka. Baadaye wakaja watu walioona ni rahisi zaidi kutia gesi kwa mashine. Mmoja wao, John McLaughlin wa Kanada, mwaka 1904 alitoa ile Canada Dry, iliyo nyepesi na isiyo na takataka chini. Tangu hapo soda nyingi zimefuata njia hiyo ya mashine, na chupa yenye mashapo chini ikaanza kuonwa chafu. Mimi nasema kinyume. Mashapo ya tangawizi ni ushahidi.

Ushahidi lakini lazima uonekane. Wanafunzi wa zamani waliosomea sheria watanisamehe nikiwakumbusha kesi wanayoijua kwa moyo. Tarehe 26 Agosti 1928, katika mji wa Paisley huko Scotland, mama mmoja aitwaye May Donoghue aliingia mkahawani na rafiki yake. Rafiki akamnunulia aiskrimu na bia ya tangawizi. Chupa ilikuwa ya kioo cheusi, hapana awezaye kuona ndani. Mama akanywa kiasi. Rafiki alipomimina iliyobaki, alisema yule mama, akatoka konokono aliyekwisha oza. Mama akaugua, akamshitaki mtengenezaji, David Stevenson. Shida ilikuwa kwamba yeye mama hakununua chupa ile, kwa hiyo hakuwa na mapatano na mtu yeyote. Kesi ikapanda mpaka Bunge la Mabwana mjini London, na mwaka 1932 majaji watatu kati ya watano wakakata shauri ya kuwa mtengenezaji ana wajibu kwa yule atakayekinywa kinywaji, hata kama hamjui. Jaji Atkin alijenga hoja yake juu ya swali ambalo sisi wa shule za misheni tumelisikia tangu katekisimu, lile aliloulizwa Bwana Yesu na mwanasheria, la kutaka kujua jirani ni nani. Kama konokono alikuwamo kweli haikuthibitishwa kamwe, maana Stevenson alikufa na jamaa zake wakapatana nje ya korti. Lakini sheria ilibaki, na imeenea katika nchi nyingi.

Nimeileta kesi hii si kwa kujionyesha. Nimeileta kwa sababu ya ile chupa ya tatu, chupa ndogo ya pombe.

Mwaka jana, siku hiyo hiyo ya wageni, baadhi ya wakubwa zetu walileta chupa zilizoandikwa tangawizi, wakaziweka mezani pamoja na fanta. Sidhani walikuwa na nia mbaya. Wadogo zetu wa kidato cha kwanza wakaona neno wanalolijua, wakamimina. Mlezi aligundua watoto wawili wamelala chini ya mti saa nane mchana. Sheria ya nchi yakataza pombe kwa walio chini ya miaka 18, na hao walikuwa hata 14 hawajatimiza.

Wakubwa zetu wengine husema tunafanya jambo dogo kuwa kubwa. Nawaheshimu, lakini wakumbuke Desemba 2021. Katika majuma ya Noeli watu kadhaa walikufa wilayani Bugesera, na wengine hapa Kigali, baada ya kunywa pombe iliyotiwa chupani ikauzwa madukani. Uchunguzi ulionyesha methanoli. Haikuwa ibikwangari ya kupikwa usiku nyuma ya nyumba, ilikuwa chupa yenye jina na karatasi yake. Methanoli haina ladha itakayomwonya mtu. Mwili huigeuza kuwa asidi, nayo hupiga mishipa ya macho kwanza, na aliyepona aweza kubaki kipofu. Sisemi kila chupa ndogo ina sumu. Nasema ya kuwa kwa macho na kwa ulimi huwezi kutofautisha, na tangawizi nyingi ni kifuniko kizuri cha ladha mbaya. Kwa hiyo shauri langu la kwanza ni kwamba chupa ya namna hiyo isivuke lango la shule, iwe imeletwa na nani.

Je, wale waliokwisha kuwa watu wazima, wapendao kuchanganya kinywaji jioni nyumbani kwao? Hao hawaniulizi mimi ruhusa. Lakini hata kwao naona tangawizi ndiyo yapasa kuwa bwana wa bilauri. Kokteli iitwayo Moscow Mule, ya vodka, ndimu na bia ya tangawizi, ilizuka Marekani mwaka 1941 kwa sababu mtu mmoja alikuwa na vodka isiyonunulika, na mwenzake alikuwa na bia ya tangawizi isiyonunulika. Jambo hilo lafundisha kitu kwa mchanganyaji: kinywaji cha kuchanganya chataka ukali mwingi na sukari kidogo, kwa kuwa barafu na ndimu vitakipunguza nguvu. Soda tamu ikichanganywa huwa sharubati. Tena ukiwa na tangawizi kali ya kutosha, vodka yenyewe haionekani kazi yake ni nini. Wizara ya Afya ilipoanza kampeni ya TunyweLess mwaka 2023, watu walitania jina lake, lakini hakuna aliyewapa wanywaji kitu kingine chenye ukali cha kushika mkononi. Tangawizi yafaa sana kwa kazi hiyo.

Pwani wamelijua hili zamani. Unguja, pale Forodhani, muwa hupitishwa kwenye mashine pamoja na kipande cha tangawizi na ndimu nzima, na kinachotoka ni kinywaji kisichohitaji kiwanda. Mombasa huitia katika kahawa chungu. Sisi wa milimani tunaiweka katika maziwa tu, kisha twaikumbuka tena mtu akikohoa. Wako wanafunzi wenzangu waniambiao ya kuwa tangawizi ni dawa ya bibi, si kinywaji cha sherehe. Wamezoea kunywa soda nyekundu.

Basi nashauri tutengeneze yetu wenyewe. Kwa lita 10 za maji yatosha kilo moja ya tangawizi mbichi kutoka soko la Kimironko. Chagua mizizi migumu yenye ngozi inayong'aa. Ile iliyonyauka ina nyuzi nyingi na maji kidogo. Ioshwe vizuri wala isimenywe, ikunwe, itiwe katika maji yaliyochemka yakaondolewa motoni. (Hapa Kigali, kwenye mita 1,500 na zaidi juu ya bahari, maji huchemka kwa nyuzi 95 hivi, kwa hiyo wasubiri mapovu makubwa wala wasifuate kitabu.) Ifunikwe usiku kucha, ichujwe kwa kitambaa safi, itiwe gramu 800 za sukari na maji ya ndimu 10 au 12. Ndimu itiwe mwisho, maana ikipata moto hupoteza harufu.

Hapo ndipo njia hugawanyika. Ukitia nusu kijiko cha chai cha hamira utapata gesi ya kweli na mapovu laini, na kwa baridi ya Kigali siku mbili zatosha, pwani siku moja. Itiwe katika chupa za plastiki nene, si za kioo, kwa sababu chupa ya kioo ikizidiwa na gesi hupasuka kama bomu. Ya plastiki ukiibonyeza ikawa ngumu, iwekwe penye barafu mara moja. Mimi binafsi naipenda hii kuliko zote. Lakini kwa siku ya shule, wakiwapo watoto na mapadre, nashauri hamira iachwe kabisa. Tutengeneze maji makali ya tangawizi, mara mbili ya kipimo nilichotaja, na atakaye mapovu aongezewe maji ya gesi katika bilauri yake. Hapana kileo hata tone, wala hapana chupa ya kupasuka.

Juu ya vitu vya kuchanganya sina maneno mengi. Marakuja inapatana nayo kuliko tunda lolote, nanasi inafuata. Ibinyomoro sishauri, rangi yake ni nzuri lakini uchachu wake hugombana na ndimu. Majani ya mnanaa yapo bustanini kwa masista, tukiomba kwa adabu.

Kamati itakutana Jumamosi ya pili ya mwezi ujao, baada ya ibada. Sisi wa kidato cha sita tutaleta mitungi miwili, mmoja mkali na mmoja pole, na bilauri za kuonjea. Atakayebisha ya kuwa ya dukani ni bora na aje na chupa yake, tuionje mbele ya wote. Nayo iwe ya kioo cheupe.