Dawa ya Jino Si Kung'oa

Wahenga walinena kuwa dawa ya jino bovu ni kung'oa. Mwanafunzi wa fasihi simulizi hufunzwa maana ya ndani ya methali hii: uovu ukishakomaa hauna budi kuondolewa. Hata hivyo, katika maana yake ya juu, methali hiyo ni kauli ya mtu aliyechelewa. Jino haliozi kwa usiku mmoja. Kabla ya koleo palikuwa na kesho nyingi.

Mwanafunzi wa chuo kikuu anayeahirisha tasnifu hadi juma la mwisho, mara nyingi ndiye huyo huyo anayekesha kwa chai ya sukari kisha akalala bila kupiga mswaki. Tofauti ni kwamba tasnifu ina tarehe ya mwisho na mhadhiri wa kuikumbusha. Jino halina. Bakteria huigeuza sukari kuwa asidi, nayo asidi hulila tabaka gumu la nje taratibu. Tabaka hilo halina neva, hivyo mwenyewe hasikii lolote. Maumivu yanapofika, tundu limekwisha kupenya ndani, na kilicholiwa hakioti tena. Anayengoja kuumwa ndipo atende huidhania ishara ya mwisho kuwa ya kwanza. Si ajabu kwamba utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 ulibaini meno yaliyooza kwa takribani asilimia 34 ya watu wazima nchini Kenya.

Wapo wanaoshikilia kuwa kinachowachelewesha wengi si uzembe bali ni gharama na hofu ya sindano. Hoja hii ina uzito. Lakini gharama hiyo hiyo ndiyo sababu ya kutochelewa: kuziba tundu dogo ni nafuu kuliko kutibu mzizi, na mswaki pamoja na dawa yenye floraidi ni nafuu kuliko vyote viwili. Asiye na fedha ndiye asiyemudu kuahirisha.

Aidha, kwa mwanafunzi wa Kiswahili, meno ni vifaa vya kazi. Vikwamizi /th/ na /dh/ hutamkwa ulimi ukiwa baina ya meno, nazo /f/ na /v/ huhitaji meno ya juu yaguse mdomo wa chini. Mwalimu aliyepoteza meno ya mbele atawatofautishiaje wanafunzi "thamani" na "samani"?

Hivyo basi, vyama vya Kiswahili vyuoni havina budi kushirikiana na zahanati za vyuo ili wanafunzi wachunguzwe meno mwanzoni mwa muhula, kabla ya mitihani kuwa kisingizio. Naye kila mwanafunzi apige mswaki mara mbili kwa siku, hasa usiku, hata akiwa amechoka. Ufa wa nyumba usipozibwa hujengewa ukuta. Ufa wa jino usipozibwa huacha pengo.