Mtoto wa Kongo si kifurushi: Leta iingie Mkataba wa La Haye

Vijana wenzetu wa Goma, Bukavu, Lubumbashi, Kisangani na Kinshasa,

Kuna jambo tunaloliongelea kidogo sana, juu halipigi kelele kama bunduki. Ni watoto wetu wanaopelekwa inchi za kigeni kwa kuasiliwa, ile wengi tunaita adopsio. Hatuna shida na muzazi mwenye moyo safi, awe mweusi ao mweupe. Shida yetu ni fujo. Na fujo hii inakaa kwenye kitundu ambacho Leta yetu haijaziba mpaka leo.

Tukumbuke. Tarehe 25 Septemba 2013, DGM ilisimamisha ruhusa ya kutoka inchini kwa watoto walioasiliwa na wageni. Ilisemwa ni mwaka mmoja. Ikapita miaka miwili. Watoto zaidi ya elfu moja wakabaki katikati: tribinali imeshasema wewe ni mtoto wa fulani, lakini mpaka umefungwa. Mei 2014, Italia ikatuma ndege pamoja na waziri, ikarudi na watoto 31. Wengine wakangoja hadi mwanzo wa 2016. Juu ya nini hao 31, na si wale wengine? Hakuna sheria iliyojibu. Wakubwa waliongea na wakubwa wenzao, basi.

Kisha ikaja habari ya Gemena. Mwaka 2017 magazeti ya Ubelgiji yalifunua kwamba kati ya watoto waliofika kule 2015 kama yatima, kuna waliokuwa na baba na mama wazima. Wazazi walielezwa kwamba watoto wanaenda likizo Kinshasa. Vipimo vya ADN vikasema ukweli, kesi ikafika mbele ya wazuzi wa Ubelgiji. Fikiria wewe mama: unamufunga mtoto kilemba cha safari, unamungoja arudi na hadithi, kumbe ameshapewa jina lingine Bulaya.

Sasa sheria inasema nini?

Inchi yetu ilikubali Mkataba wa Haki za Mtoto tangu 1990. Kipengele cha 21 kiko wazi: mtoto kwanza, muzazi akubali akijua anachokubali, kupeleka mtoto inje kufikiriwe tu kama hapa nyumbani hakuna njia ya kumulea vizuri, na mtu asitajirike kupitia mtoto. Charte ya Afrika ya 1990 inaita adopsio ya inje njia ya mwisho kabisa. Na Katiba yetu, kipengele cha 215, inaweka mikataba iliyotangazwa juu ya sheria za kawaida. Kwa hiyo tusidanganyane: tuko na sheria ya 2009 ya kulinda mtoto, tuko na Sheria ya Jamaa iliyorekebishwa 2016, tuko na tribinali za watoto.

Kinachokosa ni Mkataba wa La Haye wa tarehe 29 Mei 1993. Huo ndio unaosema nani afanye nini. Kila inchi iweke ofisi moja kubwa inayojibu. Wenye kutaka mtoto wasikutane na wazazi wake kabla ukaguzi haujaisha. Idhini isinunuliwe. Na inchi zote mbili zikubaliane kabla mtoto hajapanda ndege.

Lakini mkataba huu unafanya kazi tu kama inchi zote mbili ziko ndani. Ubelgiji iko ndani. Italia, Ufaransa, Marekani, ziko ndani. Burundi, Rwanda na Zambia, majirani wetu, wako ndani. Sisi tuko inje. Njo maana mtoto wa Kongo anavuka mpaka bila ule ulinzi, hata akienda kwenye inchi iliyoahidi ulinzi huo kwa wengine.

Tunawasikia wanaosema: "Mufunge tu, mutoto wa Kongo abaki Kongo." Uchungu huo tunauelewa. Desemba 2024, mahakama ya rufaa ya Bruxelles ilihukumu Leta ya Ubelgiji kwa uhalifu dhidi ya ubinadamu, juu ya metisi watano walionyang'anywa mama zao hapa kwetu wakati wa ukoloni. Kunyang'anywa watoto hakukuanza jana. Lakini 2013 tulifunga. Nani aliumia? Watoto waliobaki wakingoja. Na kufunga hakukuzuia habari ya Gemena. Mulango uliofungwa bila mulinzi, mwizi anapita dirishani.

Na huku Mashariki hatari ni kubwa zaidi. Vita vinatenganisha watoto na wazazi kila wiki. Mtoto aliyepotea njiani wakati wa kukimbia Masisi ao Rutshuru si yatima. Ni mtoto anayetafutwa.

Njo maana tunaomba, na tutaendelea kuomba kwa amani lakini bila kuchoka:

1. Serikali na Bunge waingize Kongo katika Mkataba wa La Haye, na waunde ofisi inayojibu, yenye pesa na watu waliosoma kazi hiyo.
2. Kila nyumba ya yatima iandikishwe, ikaguliwe, na itoe orodha ya watoto wake kwa tribinali ya watoto.
3. Mtoto aliyetenganishwa na jamaa kwa vita asiingizwe katika adopsio kabla jamaa yake haijatafutwa kweli.
4. Kuandikisha mtoto anapozaliwa kuwe rahisi katika kila kartye na kila kijiji. Mtoto asiye na karatasi, mtu yeyote anaweza kumuandikia historia.

Mkataba peke yake hautalea mtoto. Tunajua karatasi nyingi zinalala Kinshasa ndani ya kabati. Lakini bila karatasi hii, hatuna hata pa kuanzia kuwadai.

Ndugu, dada, unaposikia mtu anapita kartye akiahidi masomo ya bure mbali, uliza: wewe nani, nani amekutuma, na tribinali gani inakujua? Ongea na jirani. Andikia mbunge wako. Mtoto wa mwenzako ni wako pia.

Mtoto wa Kongo haombewi visa kama kifurushi. Anapewa haki kama raia.