Nani Atatuzika Huku Ughaibuni?

Msiba unapotokea hapa Marekani, sisi Waswahili hatuna mfano kwa kuchanga. Usiku huo huo namba ya akaunti inasambazwa, na mtu wa Minneapolis anamchangia marehemu wa Houston ambaye hakuwahi hata kumwona. Hilo ni la kujivunia. Lakini fedha ikishapatikana tunamkabidhi mgeni, na maiti yetu pia tunamkabidhi yeye.

Maoni yetu ni kwamba wakati umefika vijana wetu waisomee kazi ya usimamizi wa mazishi na kuchukua leseni.

Kazi hii hapa si ya kuchimba kaburi tu. Katika majimbo mengi kijana husoma chuo cha mazishi, kwa kawaida kwa miaka miwili. Anafundishwa maumbile ya mwili, vijidudu vya maradhi, kemia, sheria, hesabu za biashara na namna ya kuzungumza na wafiwa. Kisha hufanya mtihani wa taifa wenye sehemu mbili, na kufanya kazi chini ya mwenye leseni, mara nyingi kwa mwaka mmoja. Kila jimbo lina masharti yake. Minnesota inadai shahada kamili ya chuo kikuu. Texas inatoa leseni mbili mbalimbali, moja ya kusimamia mazishi na nyingine ya kutia maiti dawa, hivyo asiyependa hiyo ya pili anaweza kuishia kwenye ya kwanza.

Leseni hii ina nguvu. Katika majimbo kama New York na New Jersey, jamaa hawawezi kukamilisha mazishi peke yao bila msimamizi mwenye leseni. Bila yeye, Muislamu anayetaka kumzika baba yake siku hiyo hiyo atangoje, na anayetaka kumrudisha mama yake Kigoma au Mombasa atangoje zaidi.

Kutojua kunatugharimu pia. Tangu mwaka 1984 kanuni ya serikali ya shirikisho inazilazimisha kampuni za mazishi kumpa mteja orodha ya bei, kitu kimoja kimoja, na kumtajia bei hata kwa simu. Wala hakuna jimbo linalolazimisha kila maiti itiwe dawa. Ni wangapi kati yetu waliolijua hilo walipokuwa wakitia saini huku wanalia?

Tusidhani leseni ni urasimu mtupu. Colorado, jimbo lenye wakimbizi wengi wa Kongo wanaozungumza Kiswahili, iliacha kudai leseni tangu miaka ya 1980. Mwaka 2023 zaidi ya miili 180 ilikutwa ikioza katika jengo la kampuni moja ya mazishi mjini Penrose, huku baadhi ya familia zikiwa zimekabidhiwa majivu ya bandia. Ndipo mwaka 2024 ikapitishwa sheria ya kurudisha leseni, kuanzia 2027.

Tunalijua jibu la wazazi wengi: "Mwanangu hakuja Marekani kushika maiti." Ajabu ni kwamba wazazi hao hao, kule nyumbani, humpa heshima kubwa mzee anayeitwa usiku wa manane kuosha na kuvisha sanda. Hapa wanaona fahari mtoto akiwa muuguzi wa kulea wazee hadi dakika ya mwisho. Mzee huyo akishakata roho, kazi inageukaje kuwa aibu?

Vyama vyetu, misikiti na makanisa yetu vina mifuko ya misiba. Tunapendekeza kila mfuko utenge fungu la kumlipia karo kijana mmoja, wa kiume au wa kike, kwa sharti kwamba akihitimu aihudumie jumuiya yake kwa bei ya haki. Tutaendelea kuchanga, maana kifo hakipigi hodi. Ila safari hii tuchange mapema, kabla ya msiba.