Filamu Njema Humrudisha Mtazamaji Mtoni



Swali ambalo wazazi hutufikishia mara kwa mara baada ya sala ya Ijumaa ni hili: je, runinga izimwe kabisa nyumbani, au iachwe iwatulize watoto wakati mama yuko jikoni na baba yuko sokoni? Sisi tunaona ipo njia ya tatu. Wazazi wachague cha kutazama, kisha waketi na watoto wao. Na katika kuchagua, tunazitanguliza filamu za makala ya sayansi, hasa zile zilizopigwa katika ardhi yetu ya Afrika Mashariki.

Tuanze na jirani zetu wa Kigoma. Jane Goodall alifika Gombe Julai 1960, akiwa na umri wa miaka 26, hana shahada ya chuo kikuu. Miezi ya mwanzo sokwemtu walimkimbia. Hakukata tamaa. Aliketi kilimani na darubini na daftari, hata akamwona mmoja wao akichomeka ubua wa nyasi katika kichuguu na kuuchomoa umejaa mchwa. Hadi siku hizo wataalamu walidhani kwamba kutengeneza na kutumia zana ni kazi ya binadamu peke yake. Mpigapicha Hugo van Lawick aliyarekodi maisha hayo, filamu ikatoka mwaka 1965. Na picha zake za zamani ndizo zilizotengenezewa filamu iitwayo Jane, ya mwaka 2017. Kijana wa Makanyagio au Nsemulwa akiitazama hujifunza kwamba elimu ile ilianza kwa subira, macho na kalamu. Vitatu hivyo anavyo.

Filamu ya pili imetoka Kenya, nayo inatuhusu zaidi watu wa Katavi. Mark Deeble na Victoria Stone, mume na mke, walipiga picha chini ya maji katika chemchemi za Mzima, Tsavo, wakatengeneza Mzima: Haunt of the River Horse. Humo tunamwona kiboko kwa namna ambayo hatuioni tukiwa ukingoni. Usiku hutoka kula nyasi nchi kavu. Mchana hurudi majini na kuacha kinyesi chake humo. Kinyesi hicho huwalisha samaki na vidudu vya majini. Samaki nao huliwa na ndege na mamba. Kile tunachokiita uchafu ndicho meza ya chemchemi nzima.

Hata hivyo, karamu hiyo inategemea maji yanayotiririka. Maji yakisimama, kinyesi kile kile hulundikana, oksijeni hupungua majini, na samaki hufa. Hapo filamu inatufikisha nyumbani. Kila kiangazi, katika Hifadhi ya Taifa ya Katavi, viboko kwa mamia husongamana katika madimbwi machache ya Mto Katuma. Ukame una sehemu yake, lakini mto huo huo hukingwa na kuchepushwa kwenye mashamba ya mpunga kabla haujafika hifadhini. Tunaula mpunga huo, na wakulima wake ni ndugu zetu tunaosali nao safu moja. Kwa hiyo hatusemi watu wasilime. Tunasema maji yagawanywe kwa uadilifu, na ukingo uachwe. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Aliyeiona Mzima anaelewa mita hizo ni za nini.

Tunawanasihi wazazi mambo mawili. Kwanza, mfundisheni mtoto kutofautisha kile ambacho kamera imekiona na kile ambacho msimulizi amekifasiri. Kamera ilimwona sokwe na ubua wake. Maelezo juu ya asili ya binadamu ni mlango mwingine, na mtoto ana haki ya kumuuliza mzazi na ustadhi wake bila kukemewa. Aelezwe pia kwamba dakika moja ya filamu huenda ilisubiriwa kwa miezi. Pili, lugha isiwe kizuizi. Filamu nyingi ni za Kiingereza. Basi kaka au dada aliye sekondari awatafsirie wadogo zake na bibi yao. Naye atafaidika, kwani asiyeelewa hawezi kutafsiri.

Mwisho, kipimo cha filamu njema hakiko kwenye kioo. Kiko katika swali la asubuhi yake. Mtoto akiuliza Katuma unaanzia wapi, au kwa nini mikuyu ya ukingoni imekatwa, msimjibu kwa haraka. Nendeni naye mkautazame mto, kwa tahadhari, maana mamba wapo. Akirudi na daftari lenye mistari mitatu aliyoiandika mwenyewe, mzazi ajue kwamba saa ile ya runinga haikupotea.

Wabillahi tawfiq.