Karatasi Usiyosomewa Usiitie Dole Gumba

Ndugu Wanachama,

Mwezi uliopita kijana mmoja wa Kidato cha Tatu, mtoto wa mwanachama mwenzetu, alinijia ofisini na daftari lake la somo la biashara. Mwalimu amewataka waandike mambo yanayoyafanya mapatano yawe mkataba, naye alitaka mfano wa kwetu, si wa kitabuni. Nikamwambia akae kitako, kwani mfano ninao, tena wa nyumbani kwetu.

Nilipokuwa mdogo, marehemu baba yangu alimkodisha mfanya biashara mmoja mikarafuu yake. Skuli zilikuwa karibu kufunguliwa na fedha zilihitajika. Walipatana kwa mdomo: msimu mmoja. Kisha ikaletwa karatasi ya Kiingereza, na baba akatia dole gumba. Mzee hakuwa mjinga. Kurani akiisoma vizuri na hesabu za pishi akizijua kichwani. Lakini yule bwana alikuwa rafiki, na baba aliona haya kumwambia rafiki, "Ngoja kwanza nisomewe." Msimu wa pili tulipotoa majamvi tukaambiwa karatasi yasema misimu mitatu. Hatukwenda mahakamani, maana hatukujua kuwa tuna haki ya kwenda. Misimu miwili tukachuma mikarafuu yetu wenyewe kwa ujira wa pishi, kama wageni.

Basi haya niliyomweleza kijana yule naona yafaa tuyajue sote. Sheria ya mikataba tuliyorithi Visiwani ilitokana na ile ya Uhindi ya mwaka 1872, na misingi yake si migumu.

La kwanza ni ridhaa. Wawili wanaopatana lazima wakubaliane juu ya jambo moja kwa maana moja. Aliyetishwa au kudanganywa hakuridhia, na sheria humpa yeye khiari ya kuuvunja mkataba. Lakini mkataba haujivunji wenyewe. Ni juu yake kusema mapema, na kuleta ushahidi. Anayenyamaza misimu miwili, kama tulivyonyamaza sisi, huifanya kazi ya hakimu kuwa nzito.

La pili ni mamlaka ya wanaopatana. Awe mtu mzima, mwenye akili timamu, na anachokitoa kiwe chake. Hapa ndipo penye ugomvi mwingi katika mashamba yetu. Baba amekufa, mirathi haijagawiwa, na kaka mkubwa anakodisha shamba zima na kula fedha peke yake, hali dada zake wana mafungu yao na wadogo zake bado wako skuli. Mtu hawezi kutoa asichonacho. Mkodishaji awezalo kutoa ni fungu lake tu, na anayekodi bila ya kuuliza warithi amejitia mwenyewe katika kesi.

La tatu, kinachotolewa na kinachopokewa vijulikane. Mtu akiandika "gunia tano za karafuu" akanyamaza, ni mbichi au kavu? Sote twajua kuwa karafuu mbichi zikikauka hubaki kama thuluthi moja ya uzito wake. Zimeshachambuliwa, au pamoja na makonyo? Daraja gani? Makonyo ya nani? Mapatano yasiyojulikana maana yake, mahakama haiwezi kuyatimiza. Na sheria ya dini yetu imetangulia katika jambo hili. Imekataza kuuza matunda mtini kabla haujadhihiri uzima wake, kwani mnunuzi na muuzaji wote hucheza na ghaibu. Mkarafuu wazaa sana mwaka huu na mwakani hutoa majani tu. Anayekodisha misimu mitatu mbele hajui anauza nini. Mwenye haja ya fedha kabla ya mavuno ana mlango wa salam, lakini una masharti yake: fedha zote hulipwa palepale, na kipimo, sifa na tarehe ya kukabidhi hutajwa wazi.

La nne, jambo lenyewe liwe halali. Waliopatana kupitisha karafuu za magendo usiku hawana mkataba, hata wakiwa na mashahidi kumi. Yule wa chombo akikimbia na gunia zako, huna pa kushitaki, maana hakuna hakimu atakayekusaidia kudai faida ya jambo lililokatazwa na sheria.

Sasa kijana akaniuliza swali la maana: "Je, mapatano ya mdomo si mkataba?" Mara nyingi ni mkataba, na ahadi ni deni. Lakini deni lisilo ushahidi hulijua Mungu na wenyewe wawili, na mmoja wao akikana, amebaki mmoja. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kurani, ya 282 katika Suratul Baqara, ni ya kuandikiana madeni: yataka mwandishi muadilifu, mashahidi, na kwamba mwenye kudaiwa ndiye atakayesema yaandikwe nini. Yazingatieni haya. Kwetu imekuwa kinyume: mwenye fedha ndiye anayeandika, na mkulima hutia dole tu.

Wako watakaosema kuandikiana ni kutoaminiana. Mimi naona si hivyo. Karatasi huilinda suhuba, kwa kuwa baada ya msimu hakuna atakayesema, "Nilidhani." Wazee wetu wakisema mali bila daftari hupotea bila habari, nao waliyaona. Zamani mkulima akihitaji fedha aliuza shamba kwa bei khiyari, kwa shuruti kuwa akizirejesha kwa siku fulani hurejeshewa shamba lake. Huku akiendelea kukaa humo na kulipa kodi, ambayo kwa kweli ilikuwa ni riba iliyovikwa kanzu. Siku ikipita, shamba limekwenda. Madeni yalizidi hata mwaka 1934 ikatungwa sheria ya kuzuia uhamishaji wa mashamba. Watu wale karatasi walikuwa nazo, ila hawakuzielewa. Kwa hiyo kuandika peke yake hakutoshi. Yapasa kuandika kwa lugha ambayo mwenye kutia dole anaifahamu.

Wala tusijifanye kuwa sisi ndio tunaodhulumiwa siku zote. Mchumaji anayepanda juu ya mkarafuu wako amefanya mkataba na wewe. Ukipatana naye bei ya pishi asubuhi, si halali jioni kumpunguzia kwa kuwa mvua imenyesha na karafuu hazikukauka. Pishi yako iwe ileile kwa kila mtu, na hesabu yake iandikwe mbele yake.

Naishauri Kamati mambo mawili. Kwanza, Chama kichapishe karatasi moja ya Kiswahili ya kukodishia mikarafuu, yenye nafasi ya majina ya wenyewe na warithi wao, idadi ya mikarafuu, msimu gani na unakwisha tarehe ngapi, fedha zilizolipwa, na mashahidi wawili, ikiwezekana na sheha awepo. Nakala moja ibaki ofisini. Pili, vijana wetu wanaosoma biashara skuli waje hapa siku moja kwa juma wakati wa msimu, wawasomee wazee karatasi kwa sauti kabla hawajatia dole. Wao watapata mifano ya mtihani, nasi tutapata macho.

Hadi hapo, naomba kila mwanachama ashike neno moja tu: mtu akikuletea karatasi na haraka, irejeshe haraka yake, uibakize karatasi hadi kesho. Aliye mkweli atarudi.

Kijana yule ameandika mfano wa baba yangu katika daftari lake, bila ya jina. Nimemruhusu. Mzee angependa aisomee watu.

Wenu katika kazi,
Katibu wa Chama